Hoja ya Maombi

Mchungaji alikuwa mtu mwema, lakini lugha ya wenyeji ilimkataa katakata. Miaka yote waliyoishi ugenini aliweza kununua mkate, kuuliza njia, na kusema "Mungu anakupenda" kwa lafudhi iliyowafanya watu wamwonee huruma. Kuhubiri kulimshinda. Basi yeye akahubiri kwa Kiswahili, na mkewe, ambaye kila mtu alimwita Mama Mchungaji, akasimama kando yake na kufasiri, sentensi kwa sentensi. Baada ya muda waumini wakazoea kumtazama mama zaidi ya baba. Binti yao wa pekee, aliyekuwa darasa la tano, aliwapita wote wawili kwa lugha. Aliidaka uwanjani pa shule kama watoto wanavyodaka mafua. Baba yake alimbandika jina la Kasuku, na jina likamganda.

Kanisa lenyewe lilikuwa chumba cha kukodi juu ya duka la matairi. Harufu ya mpira ilipanda ngazi na kukaa na watu ibada nzima. Kulikuwa na viti vya plastiki, kinanda chenye vitufe viwili bubu, na ukutani skrini kubwa kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Waumini, ukiitoa familia ya Mchungaji, wangeweza kula kuku mmoja na wakashiba.

Skrini ilinunuliwa na kanisa la nyumbani, lile lililowatuma. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi kanisa hilo liliunganishwa nao moja kwa moja. Huko nyumbani waliiita Jumapili ya Shamba, yaani siku ya kusikia habari za mavuno kutoka shamba la Bwana. Ukumbi wao ulijaa watu hadi varandani, kwaya ikiwa imevaa sare, wote wakikodolea macho ukuta wao kungoja kuambiwa ni wangapi wameokoka. Na mkulima asiye na mavuno hana budi kusifia majani. Mwezi mmoja Mchungaji alisifia mapazia mapya. Mwezi uliofuata alieleza kwa kirefu habari za mzee aliyepita mlangoni akauliza bei ya matairi, akaombewa. Kule nyumbani watu wakaanza kuinuka kabla ya wimbo wa mwisho.

"Wanapoa," Mchungaji alimwambia mkewe wakiwa wanakunja viti. "Watu wakipoa, watatuita turudi. Lazima tuwape kitu cha kuwashika moyo."

Kitu hicho Mama Mchungaji alikuwa nacho. Ndipo kilipoanzia kisa chote.

Chini ya nyumba waliyopanga aliishi mshonaji wa nguo, na cherehani yake ilikuwa mbele ya dirisha linalotazama barabara. Wao walimwita Fundi. Walijuana kwa sababu ya zipu ya sketi ya shule ya Kasuku, iliyokufa asubuhi moja mtoto akiwa tayari ameshachelewa. Fundi aliibadilisha papo hapo huku mtoto amesimama amejifunga taulo. Tangu siku hiyo Mama Mchungaji akawa anashuka mchana kunywa chai. Alijifunza lugha pale kuliko alivyojifunza darasani, akiokota maneno sakafuni pamoja na pini. Siku za mwanzo, alipokuwa akijifungia bafuni na kulia kwa upweke mumewe asisikie, mtu wa kwanza kumcheka na kumfanya naye acheke alikuwa Fundi. Hakuwa na rafiki mwingine katika nchi ile.

Mchana mmoja Fundi alisimamisha mashine katikati ya mshono.

"Mume wangu hayuko machimboni," alisema.

Mtaa mzima ulijua kwamba mume wa Fundi alikwenda mbali kufanya kazi katika machimbo. Kumbe alikuwa gerezani. Alikuwa mlinzi wa ghala, akashirikiana na wezi kuliibia ghala lile lile alilolilinda. Fundi alilisema hilo akiwa ameinamisha kichwa, akifuta futa meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Wateja wangu wananiachia vitambaa vya thamani," alisema. "Vya harusi. Nani atamwachia mke wa mwizi kitambaa? Usimwambie mtu."

Mama Mchungaji aliweka mkono kifuani. "Sitamwambia mtu."

Na alimaanisha. Tusimwonee, wakati ule alimaanisha kabisa. Lakini watu wa kanisani wana mlango mmoja wa nyuma, na sisi tuliokulia humo tunaujua. Jambo ambalo huruhusiwi kulisema kwa mtu, unaweza kulisema kwa Mungu, ilimradi ulisemee mahali ambapo watu wanasikia. Umbea ukivaa joho huitwa hoja ya maombi.

Jumapili ya Shamba ilipofika, Mchungaji, aliyekwisha kulisikia katika maombi ya usiku ya mkewe, akamgusa mkewe kiwiko, akamnong'oneza, "Waambie lile la fundi." Naye akaichukua maiki. Hakutaja jina, na alijipongeza kwa hilo. Alisema kuna dada mmoja jirani, fundi cherehani, ambaye mumewe yuko gerezani kwa wizi, na amebeba siri hiyo peke yake, basi tumwombee. Alisema kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna muumini wa pale aliyeijua. Kule nyumbani ukumbi ukanyamaza kimya. Kisha mtu akaguna, mwingine akalia, na kabla hajamaliza akina mama wote walikuwa wamesimama na kuinua mikono. Hakuna aliyetoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Mama Mchungaji alirudi kitini mwili ukimsisimka. Alidhani ni Roho. Ilikuwa furaha ya kusikilizwa, na alikuja kuitambua baadaye sana.

Miezi ikapita. Kila Jumapili ya Shamba waliulizwa, "Na yule dada fundi?" na kila mara Mama Mchungaji aliongeza chumvi kidogo: sasa anaonekana mnyonge, sasa ameuliza habari za msamaha. Wakati huo huo Fundi mwenyewe, bila kujua kwamba ana wafuasi, akaanza kuja ibadani kwa hiari yake. Alipenda nyimbo. Kanisa lilipokaribia kutimiza mwaka mwingine, akajitolea kushona majoho ya kikwaya chao kidogo, ya bluu, yenye kola nyeupe. Mama Mchungaji alimpelekea vitambaa, akamshikia futi, akanywa chai yake. Alimtazama usoni bila haya, kwa maana mtu akizoea kosa, kosa nalo humzoea.

Siku ya sherehe ya kutimiza mwaka ikawa ndiyo Jumapili ya Shamba. Skrini ikawaka, na mbele kabisa akatokea mwenyekiti wa akina mama wa nyumbani. Jina lake la utani lilikuwa Mama Kipaza, kwa sababu hakuwahi kuhitaji kipaza sauti. Nyuma yake waliketi akina mama wengi wenye vitambaa vyeupe vichwani.

"Dada yetu fundi yuko hapo?" akauliza kwa sauti iliyotikisa spika. "Asimame tumwone!"

Mama Mchungaji alitaka kujifanya hakusikia. Lakini kazi yake ilikuwa kufasiri, na kinywa kilitangulia. "Wanaomba Fundi asimame."

Fundi akasimama, amevaa gauni lake la heshima, mikono ameikunja mbele, anatabasamu kwa aibu ya mtu asiyezoea kutazamwa.

"Dada!" akasema Mama Kipaza, na machozi tayari yalikuwa njiani. "Usione haya. Mume kuwa gerezani siyo mwisho wa dunia. Hata mitume walifungwa, ingawa wao hawakuiba! Sisi akina mama tumefunga chakula kwa ajili ya mume wako. Siku atakapotoka, utakumbuka kwamba ulikuwa na mama zako mbali!"

Nyuma yake akina mama wakaanza kulia. Walilia kwa upendo wa kweli, na hilo ndilo lililozidisha ubaya. Chumba kizima juu ya duka la matairi kiligeuza shingo kumtazama Mama Mchungaji, kikingoja. Fundi naye alingoja, tabasamu likiwa bado pale pale.

"Wanasema," alianza Mama Mchungaji. Macho yake yakaangukia kola nyeupe za kwaya. "Wanasema majoho ni mazuri mno. Hawajawahi kuona ushonaji kama huu. Wanakushukuru."

Watu wakapiga makofi. Fundi akaona haya, akaiinamia skrini mara mbili kwa shukrani.

"Haleluya!" akapaza Mama Kipaza. "Mmeona? Amepokea! Ameinama!"

Ukumbi wa nyumbani ukalipuka kwa vigelegele. Mchungaji akajikohoza na kufungua kitabu cha nyimbo. Penye kompyuta, Kasuku, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza mitambo, alikuwa amemgeukia mama yake. Alimtazama tu, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyemwona mzazi wake akitia mkono katika mfuko wa mtu. Mama Mchungaji alitamani ardhi ipasuke immeze, tena immeze na skrini yake.

Wakishuka ngazi, Fundi alimshika mkono. "Watu wa kwenu wanalia kwa sababu ya majoho?"

"Wana mioyo laini," alisema Mama Mchungaji. Huo ukawa uongo wa pili, na ulitoka kwa wepesi kuliko wa kwanza.

Mezani siku ile Kasuku hakugusa chakula.

"Mama, ulifasiri vibaya."

"Najua."

"Ulisahau maneno?"

"Hapana."

Mchungaji akaweka kijiko chini. "Mwanangu, mama yako aliokoa hali ya hewa. Angesema yale mbele ya watu wote, Fundi angeaibika mtaa mzima. Wakati mwingine hekima ni kunyamaza."

"Lakini hakunyamaza," alisema Kasuku. "Alisema majoho."

Mchungaji akaomba apewe chumvi.

Kilichomuumiza Mama Mchungaji ni kwamba mumewe alisema nusu ya kweli. Ndiyo, alimkinga Fundi. Lakini alimkinga na moto aliouwasha mwenyewe, na alipokuwa akitafuta maneno pale mbele hakumfikiria Fundi hata kidogo. Alijifikiria yeye. Siku zilizofuata aliacha kushuka kunywa chai. Kila kitu cha kupeleka chini alimpa Kasuku, ambaye sasa alikuwa akijifunza kushona vifungo kwa Fundi. Akiwa jikoni alisikia cherehani ikinguruma chini ya miguu yake, na kila iliponyamaza, moyo wake ulinyamaza nayo. Alijiambia Fundi amejua. Mashine ikianza tena, alishukuru Mungu, kisha akaona haya kumshukuru Mungu kwa kitu kama hicho.

Alimpigia simu Mama Kipaza, akamsihi asiyataje tena mambo ya gerezani ya yule dada.

"Kwa nini, mama? Tumeshamweka kwenye maombi ya vikundi vyote! Hata vijana wanafunga kwa ajili yake."

"Niliteleza. Haikuwa siri yangu."

"Ungetuambia mapema basi," alisema Mama Kipaza, safari hii kwa sauti ndogo. "Maji yameshamwagika, mwanangu. Nitawaambia wasimtaje. Ila kusahau, sijui nitawaambiaje wasahau."

Siku hiyo hiyo mchana akajikaza, akashuka. Mlango wa Fundi ulikuwa wazi nusu. Alikuwa ameshainua mkono kubisha aliposikia sauti ya Fundi.

"Kasuku, wewe unajua kile walichokisema wale akina mama. Watu hawalii vile kwa kola nyeupe. Niambie."

Mama Mchungaji alishusha mkono.

"Ni kweli walilia," ilijibu sauti ya mwanawe, bila kusitasita, kwa lafudhi safi ya pale. "Kulikuwa na mama mmoja mshonaji kwenye kikundi chao. Yeye ndiye aliyewashonea vile vitambaa vya kichwa. Alikufa mwaka juzi. Walipoona majoho yako wakamkumbuka."

"Ooh," alisema Fundi. "Maskini. Ndiyo maana."

Ulikuwa uongo mzuri, umepigwa pindo kila upande, hauachii uzi. Na huyu ni mtoto aliyewahi kurudi dukani peke yake kurudisha chenji iliyozidi. Nani alimfundisha? Hakuna haja ya kuuliza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mama Mchungaji aliona aibu ambayo hata mbele ya skrini hakuwa ameionja. Ile ya kwanza ilikuwa hofu ya kugunduliwa. Hii haikuhitaji mtu yeyote amgundue.

Akasukuma mlango.

"Anasema uongo," alisema. "Anasema kwa ajili yangu."

Kasuku akaruka kutoka kigodani. Fundi alikuwa ameketi kwenye mashine na gauni jeupe la bibi harusi mapajani. Mama Mchungaji hakuketi. Alisema yote akiwa amesimama: ile Jumapili ya kwanza, maiki, maombi, miezi yote ya kuongeza chumvi, na maneno ya Mama Kipaza neno kwa neno, pamoja na lile la mitume ambao hawakuiba. Alifasiri sasa kama alivyopaswa kufasiri siku ile. Lugha ilimponyoka mara kadhaa, na Kasuku hakumsahihisha.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaliinua lile gauni jeupe taratibu, akaliweka mbali, kana kwamba lingechafuka.

"Wanaojua ni wangapi?"

"Kanisa zima la kwetu."

"Na wameiona sura yangu."

"Ndiyo."

"Nami niliinama," alisema Fundi. "Niliwainamia. Mara mbili."

Mama Mchungaji alianza kulia. Fundi hakumzuia wala hakumpa kitambaa, na vitambaa vilikuwa tele mle ndani.

"Unajua kwa nini nilikuambia wewe?" Fundi aliuliza. "Nina dada zangu wawili. Nina jirani niliyekua naye. Wote sikuwaambia. Nilikuchagua wewe kwa sababu ulikuwa mgeni. Nilijisemea, huyu hana watu hapa. Huyu hana wa kumwambia."

Neno hilo lilimkata Mama Mchungaji pasipo na damu. Akashika kile ambacho mtu wa dini yake hushika akizama.

"Jumapili nitasimama mbele ya kanisa," alisema. "Nitatubu hadharani. Mbele ya wote."

Fundi akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Utatubu nini? Utawaambia umefanya nini?"

Ndipo Mama Mchungaji akaona. Hapakuwa na namna ya kuitamka dhambi yake bila kulitamka gereza. Kutubu kwa namna aliyoizoea, kwa maiki na machozi na watu kusema amina, kungekuwa kumuuza Fundi mara ya pili, na safari hii kwa majirani zake mwenyewe. Alitakiwa abaki nayo. Akae nayo kama Fundi alivyokaa na yake.

"Usilisemee tena jambo langu popote," alisema Fundi. "Ukitaka kumwambia Mungu, mwambie ukiwa umefunga mdomo. Anasikia, si ndivyo mnavyofundisha?"

Kisha akanyoosha mkono kwa Kasuku, aliyekuwa amejibanza ukutani. "Lete hicho." Mtoto akampa kipande chake cha mazoezi. Fundi akakikagua vifungo, akakirudisha. "Umevuta uzi mno. Fumua, uanze upya. Kesho." Sauti yake kwa mtoto ilikuwa ile ile ya siku zote. Kwa mama yake hakusema zaidi ya, "Chai leo sina."

Jumapili ya kwanza Fundi hakuja kanisani, wala ya pili, wala iliyofuata. Majoho ya bluu yaliimba bila mwenyewe. Mchungaji, aliyekwisha kuambiwa yote, alionekana kama mtu aliyemeza mfupa, na kwa mara ya kwanza hakumgusa mkewe kiwiko.

Jumapili ya Shamba ikafika. Skrini ilikuwa imeshawaka Fundi alipoingia. Hakwenda kwenye kiti chake. Aliketi karibu na mlango, amevaa koti lake, mkoba mapajani. Hakuitazama skrini. Alikitazama kinywa cha Mama Mchungaji.

Mama Kipaza alisalimia, akasita, akajaribu kujizuia, lakini maji hufuata mkondo. "Na dada yetu fundi anaendeleaje? Mama, tupe habari zake!"

Mama Mchungaji akawageukia waumini wa pale, akafasiri swali lote kama lilivyo. Kisha akaigeukia skrini. Kule nyumbani walisogea mbele kwenye viti vyao. Alijua akisema neno moja tu watawaka. Alijua pia asiposema wataanza kutoka.

"Sina habari zake za kuwapa," alisema. "Habari zake ni zake."

Akageuka, akaifasiri sentensi hiyo kwa lugha ya wenyeji, bila kupunguza wala kuongeza.

Fundi hakumtazama aliyesema. Aligeuza kichwa polepole upande wa kompyuta, kwa Kasuku, akainua nyusi. Mtoto aliinamisha kichwa: ndiyo, ndivyo alivyosema. Basi Fundi akaegemea kiti. Koti hakulivua, lakini alikaa hadi wimbo wa mwisho. Kule nyumbani wengi hawakukaa.

Baada ya hapo alirudi kanisani. Hata chai ikarudi, ingawa sasa ilinywewa haraka na kuzungumziwa bei ya nyuzi. Lakini kila Mama Mchungaji aliposimama kufasiri, hata likiwa tangazo la zamu ya kufagia ngazi, Fundi alimtazama kwanza mtoto, akangoja kile kichwa kidogo kiiname, ndipo akaamini.